Mzee mwenye masharubu ukutani: picha yetu ya de László ina thamani gani?

*“Baba yetu alikuwa mpishi wa familia moja ya Wazungu huko Njoro kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka 1963, walipofunga virago, memsabu alimpa picha kubwa ya rangi ya mafuta ya baba yake mzazi: mzee mwenye masharubu meupe na suti nyeusi. Alimpa na barua ya kuonyesha kwamba hakuiiba. Imekaa sebuleni kwetu Nakuru tangu hapo. Baba alifariki mwaka juzi. Mwanangu alisoma saini pembeni, ‘de László 1926’, akaingia kwenye intaneti akaona picha za namna hiyo zikiuzwa kwa mamilioni ya pauni. Tukaiandikia nyumba moja ya mnada London na kuwatumia picha za simu. Wamejibu kwamba wanakadiria pauni 3,000 hadi 5,000. Kaka yangu anasema wanatupunja kwa sababu sisi ni Waafrika. Kuna bwana mmoja wa Nairobi yuko tayari kutupa laki moja na nusu taslimu, leo leo. Kweli picha hii ina thamani gani, na tumwamini nani?”*

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja, maana ndani yake kuna maswali mawili yaliyoshikana. La kwanza ni la fedha. La pili kaka yako amelisema wazi: je, tunadharauliwa? Nimefanya kazi ya kukadiria picha za aina hii London kwa miaka mingi, na najua kwamba swali la pili lisipojibiwa, majibu ya la kwanza hayaingii masikioni.

Basi nianze na jibu lenyewe. Makadirio ya pauni 3,000 hadi 5,000, kwa picha ya mwanamume mzee mwenye suti nyeusi, asiyejulikana jina, tena iliyoonwa kwa simu tu, ni ya haki. Ningeletewa mimi picha hizo hizo za simu bila kuambiwa kama zimetoka Nakuru au Norfolk kule Uingereza, ningeandika tarakimu zinazokaribiana na hizo. Lakini makadirio si bei. Yapo mambo mliyo nayo mikononi mwenu yanayoweza kuisogeza bei juu, na mengine yanayoweza kuiporomosha. Ama laki moja na nusu ya yule bwana, haifiki hata theluthi ya makadirio ya chini. Mshukuruni kwa adabu, picha ibaki ukutani.

Mchoraji wenu, kama saini ni yake kweli, si mtu mdogo. Philip de László alizaliwa Budapest mwaka 1869 katika familia ya Kiyahudi isiyo na mali, akasomea uchoraji, na kabla ya kufika miaka arobaini alikuwa akiitwa kwenye majumba ya wafalme. Alimchora Papa Leo XIII mwaka 1900. Mwaka 1907 alihamia London, na hapo bahati ilimkuta njiani: mwaka huo huo John Singer Sargent, Mmarekani aliyekuwa akitawala soko la picha za wakubwa mjini humo, alikuwa amechoka na kazi ya kuchora sura za watu kwa oda na akaanza kuikataa. Pengo likabaki wazi, de László akaliziba. Alimchora Mfalme Edward VII, na mwaka 1908 akamchora Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, yule yule aliyeteremka Mombasa mwaka uliofuata kwenda kuwinda. Alifanya kazi bila kupumzika hadi kifo chake mwaka 1937. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Aliweza kuanza moja kwa moja na brashi bila kuchora mistari kwanza, na mara nyingi turubai lilikuwa tayari limeshavishwa fremu yake, limesimamishwa karibu na mtu anayechorwa, ili aone vyote viwili kwa mtazamo mmoja.

Wepesi huo ndio uliompa utajiri, na ndio unaowagusa ninyi leo. Wataalamu wanaokusanya orodha ya kazi zake zote wanahesabu karibu 4,000. Nyingi zilikuwa picha za watu waliolipa wachorwe: wenye benki, majaji, wakuu wa vyuo, majenerali, wenyeviti wa kampuni za reli, wake zao na binti zao. Kila mwaka baadhi yake hutoka ukutani kwa mjukuu na kuingia mnadani. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka “picha ya de László” hana haja ya kuigombania ya kwenu. Akiikosa, mwezi ujao itakuja nyingine. Anayeigombania ni yule anayemtaka *huyu mzee*, au aliyevutiwa na *uso huu*, na hapo ndipo kwenye kiini cha jibu langu. Jina la mchoraji hufungua mlango wa mnada, basi. Picha huuzwa na aliyekaa kitini, yaani aliyechorwa.

Tuchukue mamilioni aliyoyaona mwanao. Sikatai kwamba aliyaona. Picha ya mchoraji Tamara de Lempicka ya mwaka 1932, ya mwimbaji Marjorie Ferry, iliuzwa London mwezi Februari 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 16. Ni picha ya mtu, ni ya miaka inayokaribiana na ya kwenu, na ilichorwa kwa oda. Hata hivyo hazimo kwenye soko moja. Wanaonunua Lempicka ni wale wanaonunua Picasso na wenzake. Wanatafuta alama ya zama zake, ile ngozi inayong’aa kama chuma na majengo ya mraba nyuma. Au tumchukue Sargent mwenyewe. Kazi yake iliyopata bei kubwa mno mnadani mwaka 2004, dola milioni 23.5 huko New York, inaonyesha marafiki zake wakiwa wamejilaza majanini na miavuli yao wakati wa likizo. Hakuna aliyemwagiza. Aliichora kwa raha zake, na wanunuzi wanaisikia raha hiyo. Picha yake ya bibi aliyevaa gauni jeusi, iliyozua kashfa Paris mwaka 1884 hata ikamlazimu kuondoka mji ule, aliiuza mwenyewe kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mwaka 1916 kwa pauni 1,000. Zipo picha zake nyingine, za wazee wenye suti, ambazo hazijawahi kusogelea bei za namna hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa minada hulijua wote lakini hulisema kwa kunong’ona. Katika picha za wakubwa wa mwanzo wa karne ya ishirini, mwanamke kijana mwenye gauni jeupe au la samawati, shingo ndefu, lulu na mabega wazi, huweza kuuzwa mara kumi ya baba yake, hata kama wote wawili walichorwa na mkono ule ule, wiki ile ile, na malipo yalikuwa sawa. Picha za de László za wanaume wazee wenye suti nimeziona mara nyingi zikienda kwa elfu chache za pauni. Za mabinti na wake za matajiri hufika makumi ya maelfu bila shida. Mtoto na mbwa wake huuzwa. Askari kijana mwenye sare huuzwa, hasa wa miaka ya 1914 hadi 1917, wakati maofisa walipokuwa wakichorwa haraka haraka kabla ya kwenda vitani na wengine hawakurudi. Mzee wa benki mwenye rangi nyeusi na kahawia pande zote ni mgumu kuuzika. Sababu si ya kifalsafa. Anayenunua leo anatafuta kitu cha kutundika sebuleni, na hana undugu na mzee yule. Zile kuta ndefu za majumba ya kifahari zilizohitaji mababu wa kuzijaza zimepungua. Watu wanaishi kwenye vyumba vya dari fupi. Kaka yako na atulie kwenye hoja hii: bei ile haikupangwa kwa kuangalia rangi ya muuzaji. Wajukuu wa mabwana wakubwa wa Kiingereza nao huletewa tarakimu hizo hizo za babu zao, nao huondoka wamenuna.

Kipo kitu kimoja kinachovunja kanuni hiyo, nacho ni jina la aliyechorwa. Mzee mwenye masharubu akigundulika kuwa mwanasayansi anayejulikana, mwandishi, mgunduzi, waziri, au mwanzilishi wa kampuni ambayo bado iko hai, picha inapata wagombea wasiojali suti nyeusi. Na hapa nakuuliza swali ambalo nyumba ya mnada labda haikuwauliza. Mnajua alikuwa baba wa memsabu. Je, mnajua jina lake? Barua mliyo nayo ina jina la memsabu *baada ya kuolewa*. Mzee huyu ni wa ukoo wake wa kuzaliwa, na jina hilo huenda haliko popote kwenye karatasi zenu. Muulizeni mama kama yu hai. Waulizeni wazee waliofanya kazi shamba lile. Watu wa jikoni na wa bustani walisikia mengi. Jina likipatikana, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Lisipopatikana, bado msikate tamaa, kwa sababu de László ni miongoni mwa wachoraji walioacha kumbukumbu nzuri sana. Alikuwa na kitabu ambacho waliochorwa walitia saini zao, na picha zake nyingi zilipigwa picha na mpigapicha wa London aitwaye Paul Laib, ambaye hasi zake za kioo, yaani negativu, zimehifadhiwa hadi leo. Kutokana na hayo na barua za familia, wataalamu wametayarisha orodha kamili ya kazi zake, na inasomwa bure kwenye intaneti. Wao hupokea barua za wamiliki. Mkiwatumia picha nzuri ya mbele na nyuma, vipimo vya turubai bila fremu, mwaka 1926, na habari kwamba picha ilifika Kenya kupitia kwa binti yake, upo uwezekano mzuri wa kulinganisha uso huo na hasi ya zamani na kumpa mzee jina. Hatua hii ni ya posta na subira tu, na katika yote nitakayokuambia hakuna inayoweza kuongeza thamani kuishinda.

Hatua hiyo hiyo inajibu swali la saini. Saini peke yake haithibitishi kitu. Rangi inaweza kuongezwa na mtu yeyote. Katika vitabu vya mnada kuna lugha ya siri ambayo inafaa uijue kabla hujasaini mkataba. Jina la mchoraji likiandikwa kamili, bila neno jingine, nyumba ya mnada inasema: tunaamini ni kazi yake. Wakiandika “inadhaniwa ni ya” mchoraji fulani, wana shaka, na bei huanguka. “Ya karakana yake” maana yake ilichorwa na wasaidizi chini ya jicho lake. “Kwa mtindo wake” ni ya mtu mwingine, pengine wa miaka mingi baadaye. “Kwa kufuata kazi yake” ni nakala. Na angalia tofauti ndogo kati ya “imesainiwa” na “ina saini”: ya kwanza inasema yeye aliisaini, ya pili inasema kwamba, kwa maoni yao, saini iliyo pale iliwekwa na mkono mwingine. Nakala zilikuwa jambo la kawaida wakati ule. Mzee mwenye watoto watatu aliweza kuagiza nakala mbili ili kila mmoja awe na baba ukutani, wala haikuwa udanganyifu. Ndiyo maana binti aliyehamia Njoro angeweza kuja na picha halisi, au na nakala nzuri iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Mnaweza kuanza uchunguzi nyumbani. Chukueni lenzi ya mkono mtazame uso wa mzee kwa karibu. Mkiona vidoti vidogo vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni chapa ya mashine iliyobandikwa kwenye turubai. Mkiona rangi imenyanyuka, mapigo ya brashi yamepishana na mnaweza kufuata mahali mkono ulipopinda, hiyo ni rangi ya mafuta. Kisha iteremsheni picha, watu wawili, mkono mmoja chini na mwingine ubavuni, kamwe msiibebe kwa kushika juu ya fremu. Igeuzeni juu ya blanketi. Mgongo wa picha ni kama kitambulisho cha mtu: kuna mihuri ya wauza turubai, vibandiko vya mtengeneza fremu, namba za maonyesho, pengine jina lililoandikwa kwa penseli kwenye ubao. Pigeni picha kila kitu, hata kikiwa ni karatasi iliyochanika nusu. Msibandue wala kufuta chochote.

Nirudi kwenye barua ya memsabu, maana nadhani hamjui uzito wake. Mwaka 2010, huko Paris, ilifunguliwa nyumba ya marehemu iliyokuwa imefungwa tangu zama za Vita Kuu ya Pili. Ndani ya vumbi kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye gauni la waridi, na wakadiriaji walihisi ni mkono wa Giovanni Boldini, Mwitalia aliyekuwa akiwachora wanawake wa Paris kama vile upepo unawapuliza. Lakini haikuwa imeorodheshwa popote. Kilichoiokoa ni kadi ya Boldini mwenyewe iliyopatikana humo humo, yenye maneno ya mapenzi, pamoja na mstari mmoja kwenye kitabu cha mjane wake uliotaja kwamba alimchora mwanamke huyo mwaka 1898. Picha ikauzwa kwa euro milioni 2.1. Kipande cha karatasi ndicho kilichoibadilisha kutoka “inadhaniwa” kuwa “ni ya”.

Barua yenu haina mapenzi, lakini inafanya kazi mbili. Inasema picha ilitoka mikononi mwa mtoto wa aliyechorwa, yaani mnyororo wa umiliki una pete tatu tu: mzee, binti yake, baba yenu. Wanunuzi huutamani mnyororo mfupi namna hiyo. Pia inasema baba yenu aliipata kwa halali. Hakuna nyumba ya mnada yenye heshima itakayopokea picha ya thamani bila kuuliza hilo, na familia nyingi za Kenya zilizoachiwa vitu mwaka 1963 hazina karatasi yoyote. Memsabu alijua askari wangeuliza. Bila kukusudia amewalinda na ninyi. Tafadhali sana, msiipeleke barua hiyo kuvishwa plastiki. Najua tunavyopenda kufanya hivyo na vyeti vyetu. Ule moto na gundi huharibu karatasi milele. Iwekeni kwenye bahasha safi ndani ya kitabu kizito, mpige picha pande zote mbili, na nakala ndiyo itembee, yenyewe ibaki nyumbani.

Na andikeni yenu pia. Baba alifanya kazi wapi, kuanzia lini, aliachiwa picha vipi, ilining’inia wapi miaka sitini. Je, alipewa kiinua mgongo kingine chochote, au picha ndiyo iliyokuwa kiinua mgongo chenyewe? Kama ni hivyo, semeni hivyo. Ukurasa mmoja, na saini zenu ninyi watoto. Nyumba ya mnada yenye akili italiweka jina la baba yenu kwenye kitabu chake, katika safu ya wamiliki, chini ya jina la memsabu. Mimi ningesisitiza hilo liwe sharti. Mpishi aliyeitunza picha kwa muda mrefu kuliko aliyechorwa alivyokaa nayo anastahili kuandikwa pale.

Hali ya picha ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa kuwa hamjaitaja. Nakuru ina vumbi, na sebule nyingi zimewahi kuwa na moshi wa jiko au koroboi. Moshi na vanishi iliyogeuka njano huifanya picha ionekane imekufa, lakini hayo ni matatizo ya juu juu. Mtaalamu huyatoa, na mara nyingine rangi inayojitokeza humshangaza kila mtu. Matatizo ya kweli ni rangi inayobanduka kama magamba, ukungu nyuma ya turubai, tundu, na hasa doa au mpasuko *usoni*. Kona ya suti ikikwanguka, bei haishtuki sana. Pua ikikwanguka, makadirio hukatwa vibaya.

Kwa hiyo nawasihi: msiisafishe. Si kwa kitambaa chenye maji, si kwa sabuni, si kwa limau, kitunguu, mkate wala kiazi, hata mkiona kwenye video mtu anafanya hivyo na picha inang’aa. Wakati mmoja aliletwa kwangu bibi wa picha nzuri mno, kazi ya mwaka 1910 hivi, ambaye mjukuu wa nyumba alimsugua kwa sabuni ya vyombo ili apendeze kabla ya kuja kwetu. Alikuwa amesugua uso kuliko sehemu nyingine, kwa upendo. Wekundu wa mashavu na kivuli chini ya kidevu, tabaka jembamba kabisa ambalo mchoraji huliweka mwisho, lilikuwa limekwenda na maji. Nilikaa na mjukuu yule nusu saa nikitafuta namna ya kumwambia. Picha ile ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake asubuhi moja.

Sasa tuhesabu, maana tarakimu za mnada hudanganya macho. Tuseme nyundo imegongwa, yaani mgombea wa mwisho amefika, kwenye pauni 4,000. Mnunuzi hulipa juu yake ada ya robo au zaidi, pamoja na kodi, hivyo yeye anatoa zaidi ya 5,000. Na bei mnazoziona kwenye intaneti mara nyingi ni hiyo yenye ada ndani yake. Ninyi mnakatwa kamisheni, tuseme asilimia 15, na kodi juu ya kamisheni, halafu bima na gharama ya picha ya kitabuni. Mnabaki na kama 3,100. Toeni sanduku la mbao na ndege kutoka Nairobi, jambo linaloweza kula pauni mia kadhaa hadi kugusa elfu. Mkononi mnashika 2,000 na ushee, yaani kama laki tatu na nusu au nne za Kenya. Bado ni zaidi ya mara mbili ya laki moja na nusu, lakini si nyumba ya ghorofa, na nisingependa mfanye mipango ya ada za shule mkitegemea zaidi ya hapo.

Msiombe makadirio yapandishwe kwa ajili ya heshima. Hili huwashangaza watu. Makadirio ya chini ni chambo: huwaita wagombea, na wagombea wawili wakishikana, bei hupanda yenyewe. Makadirio ya juu huwafukuza, picha hurudi bila kuuzwa, na kushindwa huko hubaki kwenye kumbukumbu za mtandao ambazo kila dalali huzisoma. Miaka inayofuata watu huiita picha iliyokataliwa. Mnachopaswa kudai ni bei ya mwisho ya siri ambayo chini yake picha haiuzwi. Haiwezi kuzidi makadirio ya chini, basi iwe sawa nayo, na iandikwe kwenye mkataba. Ulizeni pia nani atalipa mkikosa kuuza, na picha itarudije. Wakati mwingine kamisheni hupunguzwa ukiomba tu.

Nyumba moja haitoshi. Tumeni picha hizo hizo kwa nyumba tatu, mkiwemo na ile ya kwanza, na mseme wazi kwamba mmeandika kwingine. Kwa de László nafasi yenu ni London, hata kama gharama zinauma. Nairobi kuna mnada wa sanaa kila mwaka tangu 2013, lakini huo ni wa wachoraji wa Afrika Mashariki, na wanunuzi wake hawaji kumtafuta mzee wa Kizungu wa mwaka 1926. Njia nyingine ambayo mimi ningeijaribu kwanza ni wazao wa mzee huyo, au taasisi aliyoiongoza. Kwao yule si mzee wa suti nyeusi. Ni babu, au mwanzilishi aliye kwenye historia yao. Wanaweza kulipa vizuri kuliko mnada, bila ada wala aibu ya kutouzwa, na wengine wakalipia usafiri. Wapo pia watakaodai kwamba kitu ni cha ukoo wao na kirudi bure. Barua ya memsabu ndiyo jibu. Kubaki nayo nako si ujinga, ila mkibaki nayo iondoeni juu ya jiko na mbali na jua la dirishani.

Huyo bwana wa Nairobi sitamwita mwizi. Mfanyabiashara hununua chini ili auze juu. Lakini “taslimu, leo leo” ni maneno ya kumnyima mtu nafasi ya kuuliza. Asiichukue picha “kwenda kuionyesha” bila karatasi yenye saini, thamani na tarehe.

Kuna mahali ambapo barua kama hii yangu haiwezi kufika. Mkiona rangi inabanduka au ukungu, ilazeni picha uso ukitazama juu, msiigeuze tena, na mtafute mhifadhi wa picha aje aione. Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi ni mahali pazuri pa kuulizia, na hapo hapo mwulize kwa maandishi kama kuna kibali kinachohitajika kabla ya kuitoa nchini. Asiwepo wa kuwaambia mlivue turubai mlikunje kama mkeka ili sanduku liwe dogo. Rangi ya miaka mia hupasuka. Na kwa kuwa baba ameshafariki, picha ni mali ya urithi. Mmoja wenu akisaini mkataba wa mnada kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa, mwingine anaweza kuusimamisha. Kaeni na kaka yako na wengine mbele ya wakili kwanza, mpate hati, ndipo mwandikie London jibu.

Wiki hii fanyeni matatu tu: picha ya mgongo wa turubai kwa mwanga wa mchana, vipimo kwa sentimita, na kumuuliza mama jina la baba wa memsabu. Mkiyapata nitumie. Nikiwa na mgongo na jina, nitaweza kukuambia kama pauni 3,000 bado ni za haki au tumtazame mzee huyu upya.